Malkia Velu Nachiyar, Mlinzi wa Sivaganga

Kila mwaka, katika siku tisa za Navaratri, waumini humwadhimisha Mama Durga, aliyeshika silaha kwa ajili ya kuwalinda wanyonge. Siku ya kumi, Vijayadashami, ndiyo siku ya ushindi. Huko Sivaganga, katika nchi ya Watamil kusini mwa Bara Hindi, siku hiyo huambatana na kumbukumbu ya malkia aliyeurejesha ufalme wake baada ya miaka minane ya kukimbia. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kachchh, na habari za Watamil hazitufikii mara nyingi. Kwa hiyo yafaa, katika kitabu hiki cha maadhimisho, kuwaeleza waumini pamoja na majirani zetu wa Chemba maisha ya Velu Nachiyar na ya watu wake, Wamaravar.

Nchi ya Wamaravar si ya mito mingi wala ya rutuba kubwa. Ni nchi kavu yenye miti ya miiba, inayotegemea mvua za miezi michache kuelekea mwisho wa mwaka, na maji yake huhifadhiwa katika malambo yaliyochimbwa na wahenga. Mkazi wa uwanda huu wa kati, anayelima mtama na uwele kwa msimu mmoja wa mvua, angeitambua nchi hiyo bila kuelezwa sana. Kazi iliyowapa Wamaravar sifa ilikuwa ulinzi. Walilinda mifugo, mazao na njia za vijiji usiku na mchana, mithili ya sungusungu wa kwetu, na baada ya mavuno kila kaya iliwatolea sehemu ya nafaka. Wafalme wao wa Ramanathapuram walikuwa na cheo cha Sethupathi, yaani mlinzi wa daraja, kwa sababu walizilinda njia za mahujaji waendao hekalu la Rameswaram, ambako Rama husadikiwa kuanza daraja lake la kuvukia Lanka.

Katika nyumba hiyo ya Sethupathi alizaliwa Velu Nachiyar, tarehe 3 Januari 1730. Alikuwa mtoto pekee, na baba yake akamlea kama ambavyo angemlea mwana wa kiume wa kurithi kiti. Alifundishwa kupanda farasi, kutumia upinde na upanga, na silambam, yaani mapigano ya fimbo yanayokaribiana na kirumbizi cha pwani yetu. Alijifunza pia valari, fimbo iliyopinda ambayo Wamaravar waliirusha kwa shabaha, kama vijana wa Kigogo wafanyavyo kwa rungu. Pamoja na silaha alisoma lugha. Hutajwa kuwa alikijua Kiurdu, Kifaransa na Kiingereza, mbali na Kitamil chake. Mwaka 1746, akiwa na umri wa miaka 16, aliolewa na Muthu Vaduganatha Thevar wa Sivaganga, ufalme jirani uliotokana na Ramanathapuram. Wakajaliwa binti mmoja, Vellachi.

Zama hizo Nawabu wa Arcot, Muhammad Ali, alikuwa amezama katika madeni kwa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Bara Hindi. Ili ayalipe madeni yake aliwatoza kodi nzito watawala wadogo wa kusini, na waliokataa alipelekewa kila mmoja jeshi la Kampuni. Mwezi Juni 1772 Ramanathapuram ilitekwa. Mwezi huohuo majeshi hayo yakaingia Sivaganga, na mfalme Muthu Vaduganatha akauawa huko Kalaiyar Kovil, mji wenye hekalu kubwa la Shiva. Kwa siku moja Velu Nachiyar akawa mjane, na mkimbizi katika nchi yake mwenyewe.

Mila ya zama zile ilimpa mjane wa mfalme njia ya kumfuata mumewe katika moto. Velu Nachiyar aliichagua njia ya uhai, kwa kuwa alikuwa na binti wa kulea na watu wa kukomboa. Akatoroka kwenda Virupakshi, karibu na Dindigul, pamoja na waziri mzee Thandavaraya Pillai na ndugu wawili wa Marudhu, watumishi wa jumba la kifalme wasio wa nasaba ya kifalme. Masimulizi ya Sivaganga yanamtaja mchunga mifugo mmoja, mwanamke aitwaye Udaiyal, ambaye askari walimkamata wakamtaka aoneshe njia aliyopita malkia. Alikataa, naye akauawa. Inasimuliwa kwamba malkia, baada ya kurudi, alikitoa kidani chake cha ndoa kiwe sadaka mahali pa Udaiyal, huko Kollangudi, ambako hadi leo pana hekalu.

Aliyempa hifadhi alikuwa Hyder Ali, mtawala Mwislamu wa Mysore. Waziri Thandavaraya alimwandikia akiomba msaada wa askari wa farasi na wa miguu, lakini mzee huyo hakuishi kuiona siku ya kurejea. Malkia mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi, alizungumza na Hyder Ali kwa Kiurdu fasaha, naye akastaajabu na kumheshimu. Ni vema tulitazame jambo hili kwa makini. Nawabu aliyeinyang'anya Sivaganga alikuwa Mwislamu, na mfalme aliyemhifadhi malkia wa Kihindu alikuwa Mwislamu vilevile. Vita ile haikuwa vita ya dini. Ilikuwa vita ya kodi na ardhi, na malkia aliwapima watu kwa matendo yao.

Katika miaka ile minane alikusanya jeshi, likiwamo kundi la wanawake alilolipa jina la Udaiyal. Mwaka 1780, kwa msaada wa Hyder Ali na chini ya uongozi wa ndugu wa Marudhu, jeshi hilo lilisonga mbele mpaka Sivaganga. Ghala la baruti la adui ndilo lililokuwa kikwazo kikubwa. Masimulizi yanasema kwamba siku ya Vijayadashami, milango ilipofunguliwa kwa wanawake waendao hekaluni na mashada ya maua, Kuyili, mwanamke wa jamii iliyodharauliwa, aliingia miongoni mwao. Akajimwagia samli, akajiwasha moto, akajitupa katika ghala. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka hapa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake huko Tabora mwezi Januari 1893, kuliko kuangukia mikononi mwa Wajerumani.

Velu Nachiyar alirudi katika kiti chake. Hakuwagawia jamaa zake madaraka yote. Aliwafanya ndugu wa Marudhu kuwa waziri na amiri wa jeshi, kwa kuwa walikuwa naye alipokuwa hana kitu. Alitawala kwa takriban miaka kumi, kisha akamwachia binti yake utawala. Alifariki tarehe 25 Desemba 1796.

Yaliyofuata yanahuzunisha. Ndugu wa Marudhu waliinuka tena dhidi ya Kampuni, wakashindwa, wakanyongwa huko Tiruppattur tarehe 24 Oktoba 1801. Ngome zikabomolewa, silaha zikakusanywa, na kazi ya ulinzi wa vijiji ikaondolewa mikononi mwa wenyewe. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1871 iliyoruhusu jamii nzima kuandikwa kuwa ya wahalifu kwa kuzaliwa. Sheria hiyo ilipopanuliwa mwaka 1911, Wamaravar wengi na ndugu zao Wakallar walijikuta wakichukuliwa alama za vidole na kutakiwa kuripoti polisi. Waliokuwa walinzi wa mali za watu wakaitwa wezi. Iliwabidi wangoje uhuru wa India ndipo sheria hiyo ifutwe kabisa, na mwaka 2008 serikali ya India ikatoa stempu yenye sura ya malkia wao.

Nasi katika uwanda huu tunayo kumbukumbu ya namna hiyo. Jirani zetu wa Singida humsimulia Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Kama isingekuwa wazee kumsimulia, kumbukumbu zake zingebaki katika maandishi ya waliompiga vita.

Katika hekalu tunawasha taa kwa ajili ya Durga mlinzi. Tuwakumbuke pia Udaiyal mchungaji aliyenyamaza, Hyder Ali aliyefungua mlango wake, na Kuyili aliyetoa uhai wake. Malkia wa walinzi naye alilindwa, na waliomlinda hawakuwa wa nyumba yake, wala wote hawakuwa wa dini yake. Mola atujalie, waumini na majirani, tuwe walinzi wa namna hiyo sisi kwa sisi.