Senda Berenson na Uwanja wa Sehemu Tatu

Senda Berenson alizaliwa mwaka 1868 huko Lithuania, nchi iliyokuwa chini ya Dola ya Urusi wakati huo. Mwaka 1875 wazazi wake Wayahudi walihamia Boston, Marekani, ambako baba alijipatia riziki kwa kutembeza sufuria. Binti huyu alikuwa dhaifu wa mwili. Alisomea piano, lakini maumivu ya mgongo yalimkatiza masomo. Mwaka 1890, kwa kutafuta afya tu, aliingia chuo kimoja cha Boston kilichoandaa walimu wa mazoezi ya viungo. Hapo kwanza aliyachukia mazoezi yenyewe. Mwili ulipopata nguvu, ndipo alipoyapenda.

Januari 1892 alianza kufundisha Smith College, chuo cha wanawake mjini Northampton. Wanafunzi wake walichoshwa na mazoezi ya kunyoosha viungo kwa kuhesabiwa, jambo ambalo mwalimu yeyote wa somo hili amewahi kuliona. Tena watu wengi wa zama zile, madaktari miongoni mwao, waliamini kwamba mwanamke akitumia nguvu nyingi atadhurika. Berenson akasoma habari za mpira wa kikapu, mchezo uliobuniwa na James Naismith mnamo Desemba 1891 mjini Springfield, si mbali na hapo. Akaujaribu katika darasa lake.

Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipambana na wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Mpira uliporushwa tu, nahodha wa mwaka wa kwanza aliteguka bega. Mchezo ukaendelea, na mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4. Tufikiri: mwalimu mwoga angeufuta mchezo siku ile ile.

Yeye alirekebisha kanuni. Uwanja uligawanywa sehemu tatu, na mchezaji hakuruhusiwa kutoka katika sehemu yake. Ilikatazwa kumpokonya mwenzako mpira mkononi, kuushika zaidi ya sekunde tatu, au kuudundisha zaidi ya mara tatu. Kwa njia hiyo hakuna aliyechoka kupita kiasi, na hodari mmoja hakuweza kuuhodhi mchezo; ilimlazimu kumtafuta mwenzake. Wapinzani nao wakakosa hoja. Kanuni hizo alizihariri katika kitabu kilichotolewa mwaka 1901, na aliongoza kamati ya mchezo huo hadi 1917.

Aliolewa mwaka 1911 akaondoka Smith, akafundisha katika shule ya wasichana mjini humo hadi 1921. Alifariki California mwaka 1954.

Lakini mipaka ile ilidumu kuliko sababu zake. Kwa miongo mingi wasichana wenye afya tele waliendelea kuzuiwa kukimbia uwanja mzima, na ni mwaka 1971 tu ambapo vyuo vya Marekani viliwaruhusu wanawake kucheza watano watano uwanja mzima. Kwa maoni yangu lawama si yake. Yeye aliwapimia wanafunzi aliowaona mbele yake. Waliomfuata hawakupima tena. Hata netiboli ya shule zetu, iliyotokana na mpira wa kikapu wa wanawake uliofika Uingereza, bado inamfungia kila mchezaji katika sehemu zake.

Mwaka 1985 Berenson aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu huko Springfield, miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa nafasi hiyo.