Maisha ya Marehemu Kleist Sykes wa Dar es Salaam

Marehemu Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu wa Inhambane, katika nchi iliyotawaliwa na Wareno, naye alifika pwani hii pamoja na askari wa Hermann von Wissmann, waliokuja kupigana na Abushiri bin Salim. Mtoto hakuwahi kumjua baba yake, kwani alifariki yeye angali mchanga; akalelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa askari wa Kizulu. Akajifunza lugha ya Kidachi na kazi ya ukarani, na katika vita vya 1914 hadi 1918 akapigana upande wa Wadachi. Vita vilipokwisha na nchi kushikwa na Waingereza, akaingia kazi ya ukarani katika Reli.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dr. James Aggrey, mwanachuoni Mwafrika aliyezaliwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Kleist alionana naye, na mazungumzo yao yakamtia moyoni fikra ya Waafrika kuwa na umoja wao. Fikra hiyo haikulala. Mwaka 1929 ukaanzishwa Umoja wa Waafrika, African Association, Cecil Matola akawa rais na Kleist Sykes akawa katibu. Mmoja alikuwa Mkristo na mwingine Mwislamu, wala jambo hilo halikuwazuia kufanya kazi pamoja. Wanachama wakajitolea nguvu zao wakajenga nyumba ya chama huko New Street, Kariakoo, mtaa ambao baadaye uliitwa Lumumba.

Wala hakuisahau dini yake. Katika miaka ya 1930 yeye na wenziwe, akiwamo Mzee bin Sudi, waliasisi Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na kwa juhudi za jumuiya hiyo ikasimama skuli ya watoto wa Kiislamu, wapate elimu ya dini na ya dunia pamoja.

Alifariki mwaka 1949. Wakati huo hapakuwa na mtu wa Kariakoo wala Gerezani aliyehitaji kuambiwa Kleist Sykes ni nani. Mwanawe Abdulwahid akawa miongoni mwa viongozi wa chama kile, hata mwaka 1953 Julius Nyerere alipochaguliwa rais. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, kikazaliwa chama cha TANU, na miongoni mwa waasisi walikuwapo Abdulwahid na nduguye Ally.

Hapo sifa ya nyumba ikapanda, na jina la mmoja wa wajenzi wake likaanza kushuka. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, watu waliwatukuza waliokuwa mbele siku hiyo, nao walistahili. Lakini aghalabu mwenye kuhesabu huanzia pale alipoingia yeye. Mwaka 1981 Chuo cha Kivukoni kilitoa kitabu cha historia ya TANU, nacho kwa jina lake huanza mwaka 1954. Basi aliyekufa miaka mitano kabla amebaki nje ya mlango.

Kilichomwokoa ni karatasi. Kabla ya kufa kwake, Kleist aliandika khabari za maisha yake. Mjukuu wake aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akazifanyia kazi, na mwaka 1973 zikatoka katika kitabu alichokihariri John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said naye akatoa kitabu juu ya maisha ya Abdulwahid, na ndani yake khabari za baba zikasomwa tena. Mtaa wa Kipata nao ukapewa jina la Kleist Sykes.

Hata hivyo, wengi wapitao mtaa huo wakiharakia sokoni hulisoma jina wasimjue mwenyewe. Ubao hutaja jina tu. Matendo hayajulikani ila kwa aliyeyaandika na aliyefunza. Basi kila mwenye mzee nyumbani mwake na amuulize leo, aandike, kwani kaburi halijibu swali. Na thawabu ya aliyejenga kwa ikhlasi haipungui kwa kusahauliwa na watu, kwa kuwa Mola wake hasahau.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wenziwe wote. Amin.