Harry Thuku: Mtumishi wa Hazina aliyepinga kodi ya dhuluma

HARRY Thuku alikuwa akila mshahara wa Hazina ya serikali ya kikoloni alipoanza kuhoji jinsi Hazina hiyo ilivyokuwa ikijazwa. Mnamo 1921, akiwa mwendeshaji wa mitambo ya simu katika afisi hizo mjini Nairobi, kijana huyo aliongoza vuguvugu lililowaunganisha Waafrika wa makabila mbalimbali dhidi ya kodi, kipande na kazi za shokoa.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu. Baada ya kusomea kwa wamishonari kwa miaka minne, alielekea Nairobi mnamo 1911. Maisha ya mjini hayakumpokea vyema, kwani alifungwa gerezani miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Alipotoka, alipata kazi ya kupanga chapa katika gazeti la walowezi, Leader of British East Africa. Huko alijisomea mwenyewe yale ambayo wakoloni waliandikiana kuhusu ardhi na vibarua wao.

Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikafuatwa na kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Nia haikuwa kujaza Hazina pekee. Mwafrika aliyetakiwa kulipa kwa fedha taslimu hakuwa na budi kuliacha shamba lake na kwenda kuzitafuta fedha hizo katika mashamba ya walowezi.

Kufikia 1921, kodi hiyo ilikuwa imepandishwa hadi Sh16 kwa mwaka, kiasi kilichozidi ujira wa mwezi mzima wa vibarua wengi. Isitoshe, mwaka huohuo walowezi, wakilalamikia kuporomoka kwa bei za mazao, waliazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa thuluthi moja. Kipande nacho kilikuwa kimeanza kutumika, kikimzuia kibarua kumtoroka mwajiri dhalimu.

Dhuluma iliyowakera wengi zaidi ilikuwa katika matumizi ya fedha zilizokusanywa. Reli na barabara zilielekezwa kwenye mashamba ya walowezi, ilhali shule na zahanati za Waafrika ziliachiwa zaidi wamishonari. Maskini alikuwa akichangia starehe ya tajiri.

Mnamo Juni 1921, Thuku na wenzake walianzisha chama cha Young Kikuyu Association, ambacho muda mfupi baadaye kilipanuliwa na kuwa East African Association. Alisaidiwa kwa karibu na Mhindi Manilal Desai. Hatua ya Thuku ya kutuma malalamiko moja kwa moja jijini London iliwaghadhabisha machifu wa Kiambu, ambao walijiona wamerukwa. Serikali nayo ilimtaka achague baina ya kazi yake na siasa. Alichagua siasa.

Alitiwa mbaroni Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye, maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa, wakitaka aachiliwe. Wajumbe wao walirejea kutoka kwa wakuu wa serikali na kuwasihi watawanyike, na wanaume wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake mbele yao, ishara ya fedheha kuu katika mila za Wagikuyu, na kuwasuta kwa woga wao. Wanawake walikuwa na sababu ya kumtetea Thuku, kwani alikuwa amelalamikia vikali jinsi wasichana walivyolazimishwa kufanya kazi mashambani.

Umati uliposonga mbele, polisi walifyatua risasi. Inasemekana kwamba hata walowezi waliokuwa katika hoteli ya Norfolk walishiriki. Ripoti rasmi ilitaja vifo 21, lakini wafuasi wa Thuku walishikilia kuwa waliouawa walizidi 50. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Baada ya damu hiyo kumwagika, kodi ya Mwafrika ilipunguzwa hadi Sh12. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1922 walowezi nao walifanikiwa kuishinikiza serikali iifute kodi ya mapato iliyokuwa imewekwa 1920. Wao hawakupigwa risasi, kwani walikuwa na wawakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria. Kodi hiyo haikurejeshwa hadi 1937, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo mnamo 1944.

Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufunguliwa mashtaka, na baadaye akahamishiwa Marsabit. Alirejea nyumbani baada ya karibu miaka tisa, na mnamo 1932 akachaguliwa rais wa Kikuyu Central Association. Lakini hakuwa Thuku yule wa zamani. Alikosana na wenzake, akaunda chama chake mwaka wa 1935 kilichoahidi uaminifu kwa serikali, na mnamo 1952 alilaani Mau Mau hadharani. Wengi waliomwimba ujanani walimwona msaliti.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika kilimo cha kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu Waafrika wa Kiambu walinyimwa ruhusa ya kulipanda. Aliaga dunia Juni 14, 1970.

Leo, barabara inayopita kati ya hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu cha Nairobi inaitwa Harry Thuku. Wakenya wanapolumbana kuhusu nani atozwe zaidi na fedha hizo zimfae nani, huwa wanalirudia swali ambalo wenzao walilifia papo hapo Machi 1922.