Bobby Jones: Mtupa fimbo aliyejifunza kuishi na presha

Shabiki wa soka anaijua presha kwa sura ya penalti. Dakika ya 90, uwanja kimya, straika wako ambaye mazoezini hakosi anautenga mpira, anarudi hatua tano, anapaisha. Miguu ni ile ile ya mazoezini, kilichobadilika kipo kichwani.

Sasa fikiria mchezo ambao kila mpira ni penalti. Hakuna beki anayekukaba, hakuna mwenzako wa kumpasia mambo yakiwa magumu, na mpira wenyewe umetulia chini unakusubiri. Muda wa kuogopa unao wa kutosha kabisa. Hiyo ndiyo gofu. Na kama kuna mtu aliyepigana vita ya kichwa kwenye mchezo huo mpaka akashinda, ni Bobby Jones wa Marekani.

Alizaliwa Atlanta, Machi 17, 1902. Baba yake alikuwa mwanasheria. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, chakula hakikai tumboni, na familia ikahamia jirani na uwanja wa gofu wa East Lake. Kocha wa pale alikuwa Mskoti, Stewart Maiden. Dogo hakufundishwa rasmi, alimfuata tu Maiden nyuma nyuma akiiga anavyopiga. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa kwenye Ubingwa wa Ridhaa wa Marekani wa mwaka 1916 kule Merion, anapambana na watu wazima.

Shida ilikuwa hasira. Kwenye mechi yake ya kwanza pale Merion alikutana na Eben Byers, aliyewahi kuwa bingwa wa mashindano hayo, na wote wawili walikuwa wakikosea wanarusha fimbo. Utani uliobaki ni kwamba Jones alishinda kwa sababu mzee aliishiwa fimbo kwanza. Watu wakacheka, maana alikuwa mtoto. Miaka ikaenda, kikawa si kichekesho tena.

Mwaka 1921 alikwenda St Andrews, Scotland, kucheza Open ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Raundi ya tatu ikamharibikia. Kwenye shimo la 11 mpira ukaingia kwenye mchanga, akapiga, ukabaki mchangani. Akapiga tena, bado. Akajitoa kwenye mashindano. Ukitaka kulielewa tukio hilo kwa lugha yetu, ni kapteni anavua jezi katikati ya kipindi cha pili na kutembea kwenda vyumbani. Mwaka huo huo, huko kwao Marekani, fimbo aliyoirusha kwa hasira ilimpiga mwanamke mmoja mguuni, na wakubwa wa chama cha gofu wakamwonya: ajirekebishe au hatacheza tena mashindano yao.

Kipaji kila mtu alikiona, vikombe vikubwa hakuna. Kuanzia 1916 mpaka 1922, miaka saba, alitoka mikono mitupu. Nadhani hapa ndipo wachezaji wengi hupotea, na jina lao linabaki kwenye stori za kijiweni kwamba jamaa alikuwa anajua sana.

Yeye alibadilisha mpinzani. Kila shimo la gofu limewekewa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuitumia, wanaiita par. Jones taratibu akaacha kumtazama mtu anayecheza naye. Akawa anacheza na par. Mtu anaweza kukushtua kwa mpira mmoja wa maajabu, ukachanganyikiwa, ukaanza kulazimisha usichokiweza. Par haina siku nzuri wala siku mbaya, haina mashabiki, haikukebehi. Ukicheza nayo, swali linabaki dogo: mpira huu uliopo mbele yangu naupigaje? Akakubali pia kwamba hata siku akiwa kwenye ubora wake, mipira itakayotoka kama alivyokusudia ni michache, na mingine ni ya kuivumilia tu na kusonga mbele.

Si kwamba woga uliisha. Hapo ndipo wengi wanamkosea Jones, wanadhani alikuwa barafu. Asubuhi za mashindano chakula kilikuwa hakipiti. Wiki moja ya mashindano ilimpunguza kilo kadhaa za mwili. O.B. Keeler, mwandishi wa magazeti wa Atlanta aliyekuwepo kwenye kila ubingwa mkubwa alioutwaa, alimwona kwa karibu akiteseka.

Taji la kwanza lilikuja 1923, US Open kule Inwood, New York. Alimaliza vibaya mashimo ya mwisho, Bobby Cruickshank akamfikia, ikabidi siku inayofuata wacheze raundi nyingine ya kuamua. Wamefika shimo la 18 wakiwa sawa. Mpira wa Jones umekaa pabaya, nje ya njia, na mbele ya shimo kuna maji. Angeweza kuurusha karibu, acheze salama. Hakusita. Akachukua fimbo, akaupiga juu ya maji mpaka karibu kabisa na bendera. Akawa bingwa.

Kuanzia hapo hadi 1930 aliingia mashindano makubwa 21 na kushinda 13. Na hakuwa mchezaji wa kulipwa! Alicheza kwa ridhaa, huku akisoma uhandisi, fasihi na sheria, kisha akafanya kazi ya uwakili.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi ni la mashindano aliyoyapoteza. US Open ya 1925, kule Worcester. Mpira wake ulikuwa kwenye nyasi ndefu, akajiandaa kupiga, ukasogea kidogo. Hakuna aliyeona. Waamuzi wakamuuliza, watu waliokuwa karibu wakaulizwa, hakuna ushahidi. Yeye akashikilia kwamba umesogea, akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Mwisho wa mashindano akawa sawa na Willie Macfarlane, wakaenda kwenye raundi za kuamua, na Jones akafungwa kwa mkwaju mmoja. Sisi tuliozoea kuona mtu anajirusha ndani ya boksi na kumgeukia refa tunaweza kuliona jambo hili kama ushamba. Mimi nalihesabu kwenye upande wa kichwa. Mtu asiye na cha kuficha ana kitu kimoja pungufu cha kumsumbua akisimama mbele ya mpira.

Kisha ukaja mwaka 1930. Mashindano makubwa yalikuwa manne: Open na Ridhaa za Uingereza, Open na Ridhaa za Marekani. Hakuna aliyewahi kuyabeba yote ndani ya mwaka mmoja. Alianza na Ridhaa ya Uingereza pale pale St Andrews, akaponea chupuchupu kwa Cyril Tolley na George Voigt kabla ya kutwaa kombe. Hoylake, kwenye Open, alitumia mikwaju saba kwenye shimo la 8 la raundi ya mwisho, ingawa mpira ulikuwa umeshafika karibu na shimo. Yule kijana wa 1921 angeondoka. Huyu akaenda kucheza shimo la 9, akashinda. Interlachen, kwenye joto kali la Julai, akatwaa US Open. Septemba akarudi Merion, kule alikorushia fimbo akiwa na miaka 14, akamaliza kazi kwa kumchapa Eugene Homans kwenye fainali. Ulinzi ulibidi uwekwe na wanajeshi wa majini kwa jinsi watu walivyofurika.

Novemba mwaka huo akastaafu. Alikuwa na miaka 28 tu. Mwili na akili vilikuwa vimelipa vya kutosha.

Baadaye alishiriki kuanzisha klabu ya Augusta National, na mwaka 1934 yakaanza mashindano yanayojulikana leo kama Masters. Tusimpambe kupita kiasi: mchezaji mweusi wa kwanza kucheza pale alikuwa Lee Elder, mwaka 1975, Jones akiwa ameshafariki.

Mwaka 1948 ugonjwa wa uti wa mgongo ulimsimamisha kucheza moja kwa moja. Ikaja fimbo ya kutembelea, kisha kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya kuwa raia wake, na Mmarekani wa mwisho kuipata kabla yake alikuwa Benjamin Franklin, karne mbili nyuma. Alifariki Desemba 18, 1971, akiwa na miaka 69.

Leo shimo la 10 la uwanja wa St Andrews linaitwa Bobby Jones. Ukilimaliza, unakwenda lile la 11.