Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyeazima ulimi wa Waluo akaichekesha Kenya

BENSON Wanjau alipoaga dunia Jumapili, Julai 12, 2015, jijini Nairobi, ni wachache waliolitambua jina hilo. Ilipofafanuliwa kwamba mwendazake ni Mzee Ojwang Hatari wa kipindi cha Vitimbi, simanzi ilitanda kote nchini. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Pamoja na simanzi, wapo waliopigwa na butwaa. Mzee ambaye watazamaji wengi walimchukulia kuwa Mluo halisi, mtu ambaye angeweza kutoka Kendu Bay, Rongo au Awendo, kumbe alikuwa Mkikuyu. Katika nchi ambayo siasa zake zimezichonganisha jamii hizo mbili kwa zaidi ya nusu karne, hilo si jambo dogo. Ndilo linaloifanya kazi ya mcheshi huyu istahili kutazamwa upya.

Ojwang alijipatia umaarufu katika runinga ya taifa, kupitia Vioja Mahakamani na hasa Vitimbi, kuanzia enzi za Sauti ya Kenya (VOK), iliyogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mnamo 1989. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza kupeperusha matangazo, Wakenya hawakuwa na kituo kingine cha runinga. Tajiri na maskini, wa mjini na wa mashambani, wote walitazama kitu kimoja kwa saa moja.

Katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo hatimaye ilizaa kaunti za Homa Bay na Migori, umeme ulikuwa haba na runinga chache zaidi. Wengi waliona vipindi hivyo kwa jirani mwenye betri ya gari, ua ukiwa umejaa watoto na watu wazima. Hiyo ndiyo hadhira iliyokuwa na uwezo wa kumhukumu Ojwang kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa lugha aliyoiiga ilikuwa yake.

Kuiga lafudhi ya mtu ni kama kucheza na moto. Kila Mkenya anajua kwamba Dholuo haina sauti ya “sh”, hivyo msemaji wake huweza kuitamka kama “s” anapozungumza Kiswahili. Mzaha wa aina hiyo umetumiwa mara nyingi kudhalilisha, na hata kumbagua mtu anapotafuta kazi au nyumba ya kupanga. Mchekeshaji asiye na nyingine ila lafudhi hiyo hupata kicheko cha dakika moja, kisha akaacha kinyongo cha miaka.

Ojwang hakuishia hapo. Alimvika mzee wake koti kubwa kuliko mwili, kofia na miwani, akampa mwendo wa madaha na ukaidi usiotikiswa. Zaidi ya hayo, alimpa akili. Ojwang wa Vitimbi alikuwa mjanja, mbishi, mpenda hela na mwepesi wa visingizio. Aliponaswa, alinaswa kwa tamaa yake mwenyewe wala si kwa kabila lake. Mtazamaji wa Homa Bay aliweza kumcheka bila kuhisi kwamba anachekwa yeye, na yule wa Nyeri alimwona babu au mjomba wake mle mle ndani ya koti lile.

Ufanisi huo haukuwa wa mtu mmoja. Kando yake alikuwa Mama Kayai, mkewe wa jukwaani, uhusika uliochezwa na Mary Khavere. Naye pia hakuwa Mluo, bali ni wa asili ya Waluhya. Mkikuyu na Mluhya waliunda nyumba iliyochukuliwa kote nchini kuwa ya Waluo, na ndoa yao ya kuigiza ikaaminika kiasi kwamba wapo waliodhani ni mume na mke hata nje ya kamera. Waliowazunguka, akina Masanduku arap Simiti, Mogaka, Makokha na Othorongo, walibeba majina ya pembe mbalimbali za nchi. Kenya nzima ilikutana humo, ikazozana na ikapatana kabla kipindi hakijaisha.

Nje ya kioo, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Julai 5, 1969, Waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi na akazikwa kisiwani Rusinga, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay. Mkikuyu mmoja alipatikana na hatia ya mauaji hayo, na uhasama kati ya jamii hizo mbili ukakita mizizi. Ojwang alijizolea sifa katika kivuli cha msiba huo.

Ajabu ni kwamba Mboya mwenyewe alikuwa mfano wa safari kama yake, japo kwa mwelekeo wa kinyume. Alizaliwa Kilimambogo, karibu na Thika, wazazi wake walikofanya kazi katika shamba la mkonge. Alikua miongoni mwa majirani wa jamii nyingine na akajua lugha zao. Mwaka 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi, mbali na kisiwa cha wazazi wake.

Isitoshe, Rusinga na Mfangano ni nchi ya Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao kwa vizazi vingi wameishi na Waluo hadi wengi wao wakaichukua Dholuo kuwa lugha ya nyumbani. Huko Migori, Waluo, Wakuria, Wasuba na Waluhya hukutana sokoni kila wiki, na mfanyabiashara asiyebadilisha ulimi hurudi na mzigo wake. Kwa hivyo Mkikuyu anayezungumza kama Mluo si kioja katika maeneo haya. Kuazima ulimi wa jirani ni desturi kongwe kuliko siasa zinazowatenganisha watu.

Hata hivyo, kicheko kina mipaka yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Wakikuyu waliofanya biashara katika miji ya Nyanza, ikiwemo Migori na Homa Bay, walifurushwa na mali yao kuporwa au kuteketezwa. Huenda waliohusika walikuwa wamekua wakimcheka na kumpenda Ojwang. Sanaa yake haikuwazuia. Ilichoweza ni kuacha ushahidi kwamba mtu wa upande mmoja anaweza kumsikiliza wa upande wa pili kwa makini, hadi akaaminiwa nyumbani kwake.

Wala sifa hizo hazikumtajirisha. Waigizaji wa kizazi chake walikuwa na majina makubwa na mifuko mitupu. Macho yalipoanza kumsumbua uzeeni, wahisani walilazimika kuchanga pesa ili atibiwe. Taifa lililomcheka kwa miongo mitatu lilimkumbuka kwa mchango, jambo jema lakini la kuchelewa. Wasanii wengi waliomfuata wamekumbana na hali iyo hiyo.

Benson Wanjau alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi. Hakuacha jengo wala shamba la kujivunia hadharani. Aliacha jina la Kiluo ambalo hakuzaliwa nalo, na ambalo Waluo wenyewe hawakumdai alirudishe.