Askofu Aliyeondoka

Ndugu zangu wanachuo, kabla ya kuja hapa nilishadisko chuo kingine. Nilirudi Mtwara na begi moja, na kwa miezi kadhaa nilikuwa natoka ndani jioni tu ili majirani wasinione. Siku moja mjomba akanibeba kwa bodaboda mpaka Mikindani, akanionyesha ghuba aliyoshukia David Livingstone Machi 1866. Sikuwa na kazi, nikaanza kusoma habari za huyo mzee. Humo ndimo nilimokutana na mtu ambaye huku kwetu hatajwi sana: Askofu William George Tozer.

Habari yake inaanzia mlangoni kwetu. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alijaribu, pamoja na Livingstone, kuupanda mto Ruvuma kwa meli iliyoitwa Pioneer. Maji yalikuwa yanapungua na meli ilikuwa nzito. Wakageuza, wakapitia Zambezi, wakaweka kituo Magomero, katika Malawi ya leo. Huko waliwaokoa watu waliokuwa wakipelekwa utumwani, wakajikuta vitani na Wayao, kisha njaa na homa zikawamaliza. Mackenzie alifariki Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata.

Hicho ndicho kiti alichokalia Tozer mwaka 1863. Alikuwa padri wa parokia za mashambani kule Lincolnshire, umri miaka thelathini na kitu tu. Alipofika aliona makaburi mengi kuliko waumini. Akahamishia kituo mlima Morambala, upande wa Msumbiji, kwenye baridi na ukungu. Haikusaidia. Mwaka 1864 akafunga virago.

Jamani, maneno aliyoyapata! Livingstone, ambaye hotuba yake ya Cambridge ya mwaka 1857 ndiyo iliyoizaa misheni ile, alimwona kama mtu aliyekimbia vita kabla ya kupigana. Aibu hiyo ikamfuata hata Uingereza, na jina la Tozer likawa jina la askofu aliyekimbia.

Mimi nilimpenda hapohapo. Nilijiona ni yeye. Kila aliyenicheka nilimpa jina la Livingstone.

Lakini nilipoendelea kusoma nikafika mahali pagumu. Wale waliookolewa walikuwa wakiitegemea misheni kwa kila kitu, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Tozer hakukubali kuwachukua wote. Mwenzake mmoja, Horace Waller, alijiuzulu kwa sababu hiyo, akawapeleka Cape kwa msaada wa Livingstone. Mmoja wa watoto waliookolewa mwaka 1861 aliitwa Chuma. Ndiye aliyeshuka hapa Mikindani na Livingstone mwaka 1866, na ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya mzee huyo hadi pwani, ikafika Bagamoyo mwaka 1874.

Tozer alifika Unguja Agosti 1864, pamoja na rafiki yake Edward Steere. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Shule ikaanza na hao watano. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la ushemasi mdogo mwaka 1870. Steere akazama katika Kiswahili, akaandika na kuchapa vitabu. Kisha kipindupindu kikaja, Farajallah akafa. Mwaka 1872 tufani ikaivuruga Unguja. Afya ya Tozer ikavunjika, akajiuzulu mwaka 1873. Baadaye alikuwa askofu Jamaika, kisha Honduras ya Waingereza, na kote huko hakukaa sana. Alifariki mwaka 1899.

Steere ndiye aliyerithi kiti, na mwaka 1876 akawaleta watu walioachwa huru mpaka Masasi. Kwa hiyo wale walioshindwa kuingia kwa mlango wa Ruvuma mwaka 1861 walifika mkoani kwetu miaka kumi na tano baadaye, kwa njia ya Unguja, njia ya yule aliyeitwa mwoga.

Basi nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, kuondoka Morambala hakukuwa kosa. Kubaki kungeongeza makaburi tu. Kosa lilikuwa kuondoka bila wale waliokuwa hawana pa kwenda, na mafanikio ya Unguja hayalifuti.

Hapo ndipo niliponyamaza mwenyewe. Mimi nilipodisko nilizima simu. Kikundi chetu cha utafiti kilikuwa na watu wanne, na data zote zilikuwa kwenye laptopu yangu. Sikumwaga mtu. Nilikuwa najionea huruma kwa kuchekwa, wala sikuwahi kuwawaza wale watatu.

Niliwasha simu jioni ileile. Mmoja alipokea. Hakunisamehe haraka, na sikumlaumu. Nilimtumia data, kisha nikaanza kujaza fomu za chuo hiki.