Jenerali Billy Mitchell: Msema Kweli Hana Wajoli

Wahenga walilonga kuwa msema kweli hana wajoli. Maisha ya William Mitchell, maarufu kwa jina Billy, ni kielelezo cha kauli hiyo.

Alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1879, akalelewa Milwaukee, Marekani. Mwaka 1898 alijiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida, na mnamo 1916 alisomea urubani kwa gharama yake mwenyewe. Mnamo Septemba 1918, katika mapigano ya Saint-Mihiel, aliongoza takriban ndege 1,500 za mataifa washirika, kisha akapandishwa cheo kuwa brigedia jenerali.

Baada ya vita alishikilia kuwa ndege zingeweza kuzamisha manowari yoyote, na kwamba kikosi cha anga kilistahili kujitegemea. Wakuu wa jeshi la majini walimbeza. Julai 1921 marubani wake waliizamisha kwa mabomu Ostfriesland, manowari iliyosalimishwa na Ujerumani. Wapinzani wakadai kuwa ilikuwa imetia nanga, haina mabaharia.

Mwaka 1925 alishushwa cheo kuwa kanali. Septemba mwaka huo, chombo cha angani Shenandoah kilipoanguka na kuua watu 14, aliwashutumu wakuu hadharani kwa uzembe. Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa utovu wa nidhamu, ikamsimamisha kazi miaka 5. Alijiuzulu 1926, akafariki 1936.

Mnamo Desemba 1941 ndege za Japani zilizamisha manowari za Marekani Pearl Harbor. Mwaka 1947 jeshi la anga likapata uhuru wake. Mwenyewe alikuwa kaburini.